Jenerali wa Msimu wa Waridi

Alhamisi, 3 Aprili

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo: upana wa bega, urefu wa mkono, mzunguko wa kichwa. Lakini leo nina hasira, na kazini hakuna pa kuiweka, kwa hiyo vipimo vihamie kurasa za nyuma.

Kaka yangu Abdelhak alikuja baada ya alasiri kumsalimia Mama. Alipomaliza kula vitamu vilivyobaki vya Idi akapanda ngazi mpaka chumba changu cha juu, akaingia bila kubisha hodi. Alinikuta nimepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi.

"Bado unacheza?"

"Nafanya kazi."

"Kazi yako ni kutengeneza meno ya bandia, Munia. Haya ni mazulia ya watoto."

Kweli ni mazulia ya watoto, yale ya sponji ngumu ya kuunganisha vipande, wanayotandikiwa wanaotambaa. Ukiipasha moto inapinda. Ukiipaka rangi, hakuna atakayeapa kwamba si chuma. Nimemweleza hayo mara ishirini na kila mara anasikiliza kama mtu anayesubiri simu.

"Una miaka thelathini na minane," akasema. "Mwanamke wa umri wako anavaa kama katuni, anapanda jukwaani, watu wanampiga picha. Huoni haya?"

"Jenerali Torihane ana miaka sitini na miwili. Bado nina nafasi."

Hakucheka. Akapima chumba kwa hatua, kutoka dirishani mpaka mlangoni, halafu akasema mwanawe Ramzi anaoa mwezi wa kumi na chumba hiki kingemfaa. "Tutaliongea msimu ukiisha," akasema, akashuka.

Miaka sita iliyopita nilirudi nyumba hii na sanduku moja na karatasi ya talaka, Mama akanipa chumba hiki. Humu ndimo nilimojifunza kosplei, yaani kumtoa mtu kwenye katuni na kumvaa mwilini, kuanzia kofia mpaka kiatu, kwa mikono yangu. Nimeshatengeneza watu tisa. Torihane ni wa kumi, na ndiye niliyemsubiri: katika katuni zote tulizotazama utotoni, yeye peke yake ni mwanamke mwenye mvi anayeamuru, na wanaume wenye panga wanakaa kimya. Deraya yake, vazi lake la vita, ina magamba mia mbili na kumi na nne. Mashindano ni tarehe 17 Mei, hapa hapa Constantine, kwenye ukumbi mkubwa. Chumba hiki sikitoi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Gamba la thelathini. Maua ya mdanzi bado hayajafika sokoni na Mama anatazama mawingu kama yanamdai.

Jumamosi, 12 Aprili

Yamefika. Leo Mama ameishusha kattara.

Kattara ni mtambo wa shaba wa kukenekea maua ya mdanzi na waridi, yaani kuyachemsha mpaka mvuke wake ugeuke maji ya manukato, chungu chini na kichwa juu, na mrija ubavuni. Ulikuwa wa mama yake, na kabla yake wa mama wa huyo. Mama ameusugua kwa ndimu na chumvi mpaka ukawaka, akatandaza shuka jeupe uani, akafukiza ubani kwenye kila kona. Kisha akasimama katikati ya ua, mfupi, mikono kiunoni, akaanza kutoa amri za msimu. Dawa ya kufulia marufuku. Samaki wa kukaanga marufuku. Ugomvi marufuku, maana kattara inasikia na maji yanatoka machungu.

"Na wewe huko juu," akaniita, "gundi yako ya viatu isifunguliwe mpaka chupa ya mwisho izibwe."

"Mama, chupa ya mwisho ni mwisho wa Mei. Nina mashindano tarehe kumi na saba."

"Waridi halijui mashindano. Maji yanashika kila harufu, unajua. Mwaka ule Turkia alipaka mlango wake rangi, tukanywa kahawa iliyotiwa maji yenye ladha ya rangi mpaka majira ya baridi."

"Dirisha nitafunga."

"Munia. Kwa mkono wangu mtaa mzima unapata maji yake ya mwaka. Gundi hapana."

Nilipanda juu nikaufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Magamba thelathini yamegundishwa. Mia moja themanini na manne yanasubiri. Wiki tano. Nilifikiri kwenda kugundishia kazini, lakini bosi ana pua kama ya Mama.

Jumapili, 13 Aprili

Nimepata dawa, na nimeipata kwenye mdomo wa mtu. Nilikuwa nakunja waya wa kunyooshea meno kwa ajili ya msichana wa miaka kumi na mitatu, waya mwembamba, mgumu, hauoti kutu, nikajiuliza: nani kasema gamba lazima ligundishwe? Tundu mbili juu, tundu mbili chini, waya unapita na kufungwa kwa nyuma. Nimefunga manne leo. Yanacheza, yanapumua, yanatoa mlio mdogo nikigeuka. Yale thelathini ya gundi sasa yananitia aibu. Nitayabandua yote nianze upya.

Amenikataza gundi, basi nitamwonyesha.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya kwanza ya kukeneka. Mama alipika tamina, ile semolina ya kukaangwa na asali na siagi, kila aliyeingia akapewa kijiko kabla ya salamu haijaisha. Bi Turkia, jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, alileta maua yake kwenye kitambaa cheupe, akakaa karibu na jiko kama mtu aliyekuja kwenye uzazi.

Tone la kwanza lilipoanguka Mama alisoma bismillahi. Huwa najidai sijali, lakini kila mwaka harufu ile ya kwanza inanifanya nisogee karibu na mrija.

Kasoro ni moja. Ukingo wa chungu umebonyea, una bonde, Abdelhak alikiangusha alipokuwa na miaka kumi na mitatu, na hapo mvuke unatoroka. Mama anaziba kwa ukanda wa kitambaa uliopakwa unga uliokandwa. Unga unakauka, unapasuka, anainuka, anaziba tena. Ana miaka sabini na moja. Leo ameinuka mara kumi na nne. Nimehesabu.

Bi Turkia alipanda kuniona. Aliligusa gamba moja moja kama anachagua kitambaa. "Mashallah, mwanangu, mikono hii ni ya dhahabu. Waache wanaosema." Sikumuuliza ni kina nani wanaosema. Nilimkumbatia. Katika mtaa huu ni yeye na Mama tu wasionitazama kama nimepotelewa na kitu.

Jumanne, 22 Aprili

Magamba sitini na moja. Vidole vimetoboka.

Alhamisi, 24 Aprili

Themanini na nane. Mvua ya mawe saa tisa alasiri, kubwa kama mbaazi. Mama alisimama mlangoni akiyaombea mawaridi ya mashamba ya Hamma moja moja.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua imekatika na upepo wa jangwani umeingia, mkavu, wa moto, unaacha vumbi jekundu kwenye meno. Mawaridi ambayo yangefunguka kwa wiki tatu yamefunguka kwa siku tatu. Pale sokoni Suq al-Asr wauzaji wanapiga kelele kama nyumba inaungua. Waridi halisubiri, likilala usiku mmoja gunia linaanza kunuka majani yaliyooza, kwa hiyo mtaa mzima umekuja kwa Mama kwa pamoja. Vikapu vimejaa ua mpaka ngazini.

Mama anakeneka tangu asubuhi mpaka magharibi. Anainuka, anaziba. Anainuka, anaziba. Leo alishika ukuta ili ainuke.

"Mpigie Abdelhak apeleke chungu kwa mfua shaba," nikasema.

"Katikati ya msimu? Nikeneke kwenye sufuria ya wali?"

Mia moja na kumi na tisa.

Ijumaa, 2 Mei

Nimepata wazo zuri, na limenifanya nicheke peke yangu.

Bonde la ukingo ni kosa la kipimo tu. Mimi nakula kwa vipimo. Nilichukua alama ya ukingo kwa nta nyekundu ya kazini, kama ninavyochukua alama ya ufizi, nikakata pete ya sponji nyeusi inayolingana na bonde lile unywele kwa unywele. Haina gundi. Haina rangi. Nimeionja kwa ulimi, haina ladha. Mama alipokwenda kulala baada ya chakula niliiweka kwenye ukingo, nikaufunika na ukanda wake wa unga juu, asione. Kesho atakaa siku nzima bila kuinuka na atashangaa. Nitamwachia mpaka kahawa ya jioni, ndipo nimwambie: ona, yale mazulia ya watoto.

Jumamosi, 3 Mei

Bora nisingekuwa na mikono.

Ilikuwa zamu ya mawaridi ya Bi Turkia, vikapu viwili, vya ahadi: binti yake anaposwa mwezi ujao na maji hayo ndiyo ya kuwanyunyizia wageni mikononi. Mvuke haukutoroka hata kidogo. Mama alikaa. Alikaa kweli, mgongo ukutani, miguu kanyoosha, akasema, "Leo kattara imetulia, sijui imeona nini." Nilikuwa karibu kupasuka kwa furaha.

Maji yalitoka mengi kuliko siku zote. Mama alijaza chupa ya kwanza, akamimina kidogo kiganjani, akanusa. Akanusa tena. Akampa Bi Turkia kiganja chake. Bi Turkia akarudi nyuma.

Yananuka kandambili mpya.

Chupa zote kumi na moja. Sponji ile baridi haina harufu, sikatai. Kwenye mvuke wa muda wa saa tatu inatoa kila ilichonacho, na maji ya waridi yanapokea kila kitu. Mtoto wa shule angejua. Mimi ninayechemsha nta kila siku sikufikiri.

"Gundi!" Bi Turkia akasema. Akatazama juu, dirisha langu. "Zulikha, ni gundi ya binti yako. Mtaa mzima unajua anapika madudu huko juu. Nimenyamaza kwa heshima yako tu."

Waache wanaosema, aliniambia wiki mbili zilizopita. Kumbe alikuwa anajitaja.

"Wallahi sijafungua gundi tangu kattara ishuke," nikasema.

Na ni kweli. Kila neno lilikuwa kweli. Mama alinitazama usoni, akaniamini, akamwambia Turkia, "Binti yangu haapi uongo." Nikaingia jikoni. Mama alipotoka kumsindikiza Turkia niliichomoa pete, nikaitia mfukoni.

Jumapili, 4 Mei

Abdelhak kaja. Kanusa chupa, kakunja uso. "Kama si gundi ni nini?"

Mama akasema, "Ni mimi."

Alikuwa amekaa kwenye shuka jeupe, mikono mapajani, viganja juu. Akainua mmoja puani, akaunusa. "Labda nimekisugua chungu na kitu. Labda nimesahau. Uzee, mwanangu. Yule mkenekaji wa zamani, Hajja Mbarka, alipoanza kusahau, maji yake ndiyo yaliyoanza kuharibika."

"Usiseme hivyo, Mama," Abdelhak akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo.

Mimi nilikuwa ngazini. Pete mfukoni. Nilihesabu haraka, siwezi kujificha humu daftarini: nikisema, Abdelhak atachukua chumba leo, mbele ya mashahidi, na ana haki. Nikinyamaza, siku kumi na tatu zimebaki, magamba sitini, na hakuna atakayejua kamwe. Nilipanda juu. Nilifunga magamba tisa. Nilifunga vibaya yote tisa.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi nilimkuta Mama uani peke yake. Alikuwa amepanga mbele yake kahawa, karafuu, ndimu iliyokatwa na kipande cha sabuni. Alifumba macho, akanyoosha mkono, akachukua kimoja, akanusa, akasema jina lake kwa sauti ndogo. Halafu akafumbua jicho kuhakikisha.

Alikuwa anajipima pua yake.

Basi, nikaitoa pete nikaiweka kwenye shuka, kati ya karafuu na ndimu.

"Hii," nikasema. "Niliiweka Ijumaa ulipolala, chini ya unga. Nilitaka usiinuke. Imetoa harufu kwenye mvuke. Mkono wako mzima, pua yako nzima. Ni mimi."

Aliichukua. Akaizungusha. Nilidhani ataitupa, lakini aliijaribu kwenye ukingo wa chungu, ikakaa kwenye bonde lake sawasawa, akaitoa.

"Inalingana," akasema.

"Ndiyo."

"Na umeniona jana."

"Nimekuona."

"Siku mbili, Munia." Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Siku mbili umeniacha nanusa mikono yangu kama kichaa. Maji yamemwagika, maji ni maji. Turkia ananuna, Turkia atanunua mengine. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kufikiri nani nimpe kattara kabla sijaiaibisha. Nilikuwa namwaga machozi kwenye mto, na wewe uko juu unanisikia."

"Nilikuwa naogopa chumba."

"Chumba," akasema Mama. Akalirudia mara ya pili, taratibu, kama jina la mtu asiyemfahamu. Halafu akasimama bila kushika ukuta, akachukua chungu, akaingia nacho ndani, na nilisikia anakinusa, pumzi ndefu, kisha akacheka kidogo kwa pua. "Kumbe mkono wangu mzima," alikuwa anajiambia. Alilia baada ya hapo. Sikuthubutu kuingia.

Adhuhuri nilivuka uchochoro mwenyewe nikamwambia Bi Turkia, mlangoni, mbele ya binti zake wawili. Nikasema nitamletea vikapu viwili kabla jua halijazama. Nilivileta. Alivipokea kwa vidole viwili, akavituma kukenekwa kwa mwanamke wa mtaa wa pili. Alihakikisha vinapita mbele ya mlango wetu.

Nimeomba radhi kwa ajili ya pete. Nimeomba radhi kwa ajili ya kimya, na nitaomba tena. Kwa ajili ya Jenerali siombi.

Jumanne, 6 Mei

Mama hanisemeshi. Chakula changu anakiweka mezani, anafunika na sahani.

Jumatano, 7 Mei

Niliomba ruhusa kazini, nikaibeba kattara begani kwa mfua shaba. Kalinyoosha bonde kwa nyundo ya mti, kaitia bati jipya ndani, kasema nani mpumbavu aliyeiacha hivi miaka yote. Nikasema familia. Nimemrudishia Mama. Kainusa ndani na nje. Alasiri alikeneka mawaridi yetu wenyewe, kikapu kimoja. Hakuna mwingine aliyeleta. Hakuinuka hata mara moja.

Ijumaa, 9 Mei

Abdelhak alikuja na Ramzi na tepu ya kupimia.

"Mpaka tarehe kumi na saba," akasema. "Siku ya sarakasi yako. Ukirudi, chumba ni cha Ramzi. Na nakuomba kwa uzuri, usiende. Umemtia Mama aibu mtaani. Hakuna hata mmoja aliyeleta maua wiki hii."

"Nimemtia aibu kwa pete, nimekubali, nimekwenda mlangoni kwa Turkia. Jukwaa limemkosea nani?"

"Wote wanajua pete imetoka kwenye hayo madude."

"Na bonde lilitoka kwa nani? Miaka thelathini na miwili Mama anainuka kuziba ulichoangusha wewe, hakuna aliyekunyang'anya chumba."

Ramzi alicheka, akajifanya anakohoa. Abdelhak akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu tuwe wakubwa, kijana wa miaka kumi na mitatu aliyeangusha kitu kizito. Nikakaribia kumhurumia. Halafu akasema, "Tarehe kumi na saba," huruma ikaisha.

Nilitazama chini uani. Mama alikuwa anachambua waridi. Alisikia yote. Hakuinua kichwa upande wake wala wangu.

Jumatatu, 12 Mei

Mia mbili na kumi na nne.

Alhamisi, 15 Mei

Kofia imekamilika. Mvi za Jenerali nimezisuka kwa nyuzi za katani na nywele zangu mwenyewe nilizozikata nilipoachwa. Nilizihifadhi miaka sita bila kujua za nini. Nimevaa yote, nikasimama mbele ya kioo. Sikuona katuni wala mtalaka wa mtu.

Jumamosi, 17 Mei

Kawaida nabeba mavazi kwenye mifuko myeusi ya takataka na kuvaa chooni huko huko. Leo nilivaa chumbani kwangu, kwa kuwa ni mara ya mwisho, nikashuka ngazi nikiwa Jenerali kamili.

Mama alikuwa jikoni, kanipa mgongo. Nikasema, "Natoka, Mama." Kisu kilisimama kidogo juu ya kitunguu, kisha kikaendelea.

Uchochoroni wanaume wa mkahawani waligeuza vichwa meza kwa meza. Mmoja akasema, "Dada, vita viko wapi?" Nikamjibu, "Nyumbani, vinaendelea." Wakacheka, na kicheko hakikuwa kibaya. Bi Turkia alikuwa dirishani. Nilimsalimia kwa heshima zote, kwa jina la mumewe na la watoto wake, na magamba yangu yakalia nilipoinama. Alifunga dirisha. Darajani upepo uliingia chini ya deraya, korongo lote likiwa chini yangu, na magamba mia mbili na kumi na nne yakainuka na kushuka kwa pamoja. Mtoto mmoja akaanza kulia. Babake akaniomba picha.

Ukumbini tulikuwa thelathini na wanne, nami wa pili kwa umri baada ya fundi bomba kutoka Batna aliyekuja kama joka. Waamuzi watatu walinizunguka. Mmoja, mwanamke wa Algiers mwenye miwani shingoni, alipenyeza kidole chini ya gamba, akaligeuza.

"Hakuna gundi?"

"Hakuna hata tone."

"Kwa nini? Kila mtu anagundisha. Hii ni kazi ya miezi."

Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wangu, sikujua. "Msimu wa waridi," nikasema. "Mama kakataza."

Ukumbi mzima ukalipuka. Vijana wa Constantine walipiga miguu sakafuni, kila mmoja ana mama au shangazi aliyemkataza kitu tangu mwezi wa nne: mmoja akapiga kelele, "Mimi kanikataza dagaa!" na mwingine, "Mimi kanihamishia kwa mjomba na rangi zangu!" Mwamuzi wa Algiers alitazama huku na huku, hakuelewa, akacheka tu pamoja nasi.

Nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni joka la Batna, na ni haki yake, mabawa yake yanafunguka. Nimemwambia hivyo. Nimepewa karatasi yenye muhuri na sitaificha.

Niliporudi, mlango wa chumba cha juu ulikuwa na kufuli jipya. Vitu vyangu vilikuwa ngazini kwenye magunia ya unga, vimepangwa vizuri. Nimelala chumbani kwa Mama, kwenye godoro la chini. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Nilisema, "Nimekuwa wa pili." Bila kugeuka akasema, "Lala."

Jumanne, 20 Mei

Mawaridi ya mwisho. Chupa nne tu.

Ijumaa, 23 Mei

Mama amezifunga chupa kwa nta, akaziweka kabatini, akaifunika kattara. Chupa thelathini na moja, mwaka jana zilikuwa tisini. Mtaa haukurudi. Sijui kama mwakani utarudi. Nimemwosha miguu kwa maji ya chumvi, akaniachia.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi nilishusha magunia yote uani. Sikuomba ruhusa, kwa sababu ningeomba ningenyimwa. Nilitandaza mazulia yangu pale pale shuka jeupe lilipokuwa, nikapanga mikasi, taa ya spiriti, waya, makopo ya rangi. Nikafungua gundi. Harufu ikapanda ghorofa zote, ikatoka mpaka uchochoroni. Kwa miaka sita nilifanya kazi hii nyuma ya mlango uliofungwa, na mlango wameuchukua. Vizuri. Anayetaka kuniona na anione.

Bi Turkia alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Saa tano Abdelhak akaja na Ramzi na kitanda kilichokunjwa, wakasimama mlangoni.

"Umehamia uani sasa?" Abdelhak akasema. "Mbele ya kila anayepita? Ondoa. Munia, nasema ondoa."

"Siondoi."

"Hii nyumba si yako peke yako!"

"Wala si yako peke yako."

Aliweka kitanda chini, akaja, akashika gunia la kwanza. Nami nikalishika. Tulikuwa tunavutana hivyo, watu wazima wawili wenye mvi, Mama alipotokea jikoni anafuta mikono.

"Abdelhak," akasema. "Liache."

"Mama, huoni?"

"Naona. Chumba umekichukua, sikusema kitu, Ramzi anaoa, Mungu ambariki. Ua ni wangu. Miaka hamsini na mitatu nafagia ua huu. Anayekaa hapa nimemkalisha mimi."

"Baada ya alivyokufanyia?"

"Alichonifanyia ni changu na chake. Wewe panda na kitanda chako, ngazi hiyo."

Abdelhak aliliachia gunia. Akabeba kitanda chake upande mmoja, Ramzi upande mwingine, na tulisikia wakigonga kila kona ya ngazi mpaka juu.

Mama alijivutia kigoda, akaketi karibu yangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya pete. Hakunitazama. Aliokota mchoro wa mtu wangu mpya uliokuwa sakafuni, akauweka mbali na macho, kisha karibu. Katika wote kumi niliotengeneza, hakuwahi kuuliza hata mmoja jina lake.

"Huyu ni nani?"

"Mwanamke mchimba migodi. Mgodi uliporomoka, akawatoa watu mia mbili."

"Ana watoto?"

"Hana. Ana hao mia mbili."

Mama aliutazama mchoro tena, kichwa upande, kama anavyotazama waridi kabla ya kununua.

"Basi mpanulie mabega," akasema. "Hayo hayatoshi."

Nikachukua mkasi, nikakata mapya.